Siku Pampu Iliposimama

Wiki chache zilizopita gari letu lilichemka tukiwa njiani kwenda Same, tukalikokota hadi kwenye gereji moja ya kando ya barabara pale Makanya. Fundi alingoja rejeta ipoe, akafunika kifuniko kwa tambara, akakifungua. Harufu ikanifikia pale nilipokaa kwenye benchi: tamu kidogo, kama peremende iliyoyeyukia mfukoni, imechanganyika na vumbi la moto. Viganja vyangu vikalowa jasho. Mume wangu akaniuliza kama naumwa, nikamjibu ni joto tu. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba mtu mzima kama mimi, mama wa watoto, nimeogopa maji ya rejeta?

Nilikuwa darasa la pili. Mama alikuwa amejifungua mtoto ambaye hakukaa, na siku zilizofuata akaanza kuvimba. Ilianza miguu, ukafuata uso, mpaka macho yake yakawa kama ya mtu anayenichungulia kwenye ufa wa mlango. Kule kwetu milimani asubuhi ni za ukungu, na mimi nilidhani mama amevimba kwa sababu ya baridi. Kwa hiyo baba alipomzungushia blanketi na kumpandisha kwenye gari lililokuwa linateremsha tangawizi, nilifurahi. Tunakwenda kwenye joto, mama atapona. Tulipofika Same nikashushwa peke yangu. Mama alinyoosha mkono dirishani akanigusa kichwani. Wao walikuwa wanaendelea hadi Moshi, hospitali kubwa.

"Utakaa kwa mama mdogo," baba akaniambia. "Siku mbili tatu tu." Aliyasema hayo akiangalia tairi la gari.

Mama mdogo Naetwe ndiye anayemfuata mama kwa kuzaliwa. Wakati ule alikuwa hajaolewa, na alikuwa na studio yake karibu na stendi. Alipiga video za harusi, za kipaimara, za mazishi, kisha alikaa siku nzima akizikata na kuziunganisha kwenye kompyuta. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma tulilala, na mlango wa nyuma ulitoka uani. Paa lilikuwa bati tupu bila dari. Aliyewahi kuishi Same wakati wa kiangazi anajua saa nane mchana chini ya bati inakuwaje: hata mshumaa unapinda bila kuwashwa. Kompyuta zake za mwanzo zilikuwa zinajizima katikati ya kazi kwa joto, mpaka alipompata kijana mmoja wa Arusha aliyekuwa anauza yake, ya kupozwa kwa maji.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilichokiona nilipoingia mle ndani mara ya kwanza ni sanduku jeusi lililosimama juu ya meza, ubavu mmoja uko wazi. Ndani yake mlikuwa na mipira minene kama dole gumba, inapinda na kurudi, na ndani ya mipira hiyo kulikuwa na kitu chekundu kinachotembea. Kulikuwa na kitangi cha kioo kilichokuwa kinatoa mapovu madogo. Kulikuwa na kigurudumu kidogo ndani ya kioo, kinazunguka bila kupumzika. Juu kabisa feni zilikuwa zinavuma, na chini ya kitangi kulikuwa na mlio mwembamba, wa chini chini, ambao niliusikia zaidi tumboni kuliko masikioni.

"Usiguse humo," mama mdogo akasema. "Unaona hiyo chini? Hiyo ndiyo pampu. Feni ikisimama moja, tutavumilia. Pampu ikisimama, kila kitu kinakufa."

Alinionyesha hata kwenye skrini, maana alikuwa anaipenda ile mashine yake na hakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha. Mstari mwekundu ni joto. Mstari wa bluu ni pampu. Joto likipanda, feni zinajiongeza zenyewe. Akitaka kuziongeza kwa mkono, kulikuwa na kidude cha kuzungusha pale mbele, kama kile cha kuongezea sauti kwenye redio. "Ila pampu," akasema, "hiyo nimeiambia isipunguze kamwe."

Siku mbili tatu zilipita, na nyingine, na nyingine. Baba alikuwa anapiga simu. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa sakafuni nakula ubuyu, mama mdogo akapokea simu palepale kwenye kiti chake, na nikasikia akisema, "Wamemweka kwenye mashine? Damu yote?" Alipokata simu nikamuuliza mama yuko kwenye mashine gani. Alikuwa anatazama skrini lakini sidhani kama alikuwa anaona kitu.

"Ya kusafisha damu," akasema. "Damu inatoka mwilini, inapita kwenye mipira, inasafishwa, inarudi. Inazunguka hivyohivyo mpaka apate nafuu."

Nikageuka nikaangalia sanduku lililokuwa juu ya meza.

Najua watu wazima watacheka. Lakini hebu fikirini. Mashine niliyoelezwa ilikuwa na mipira, na hii ilikuwa na mipira. Damu ilizunguka, na hiki chekundu kilizunguka. Kuhusu umbali wa Moshi, mbona sauti ya baba ilikuwa inatoka hukohuko Moshi na kuingia kwenye kisimu kidogo cha mama mdogo bila waya wowote? Hii ya damu ilikuwa na waya mnene unaoingia ukutani. Mama mdogo alipotoka kwenda kuteka maji, nilisogea nikaweka kidole kwenye mpira mmoja. Ulikuwa wa vuguvugu. Ulikuwa na joto lilelile la shingo ya mama ninapompanda mgongoni.

Kuanzia hapo sikutaka kutoka kwenye kile chumba. Watoto wa jirani walikuja kuniita tukacheze rede, nikasema kichwa kinauma. Asubuhi, kabla mama mdogo hajaamka vizuri, nilikuwa nakwenda kusimama mbele ya sanduku na kunong'ona, "Shikamoo mama." Mapovu yalikuwa yanapanda kwenye kitangi, nami nikayahesabu kuwa ni marahaba.

Kitu kilichonitisha zaidi ni feni. Nilianza kugundua kwamba kila simu ya baba inapoingia, mama mdogo anaangalia jina, anapeleka mkono kwenye kile kidude na kukizungusha hadi mwisho. Feni zilikuwa zinapaa. Chumba chote kilijaa mvumo kama basi linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, karatasi mezani zinapeperuka, na yeye anatoka kwenda kusimama mlango wa nyuma, mgongo kwetu, simu sikioni. Mimi nilikuwa nabaki na mashine inayohema. Nilielewa kwamba baba anapiga pale mama anapozidiwa, na mama mdogo anamwongezea nguvu ya kupumua. Aliporudi ndani akizungusha kidude chini, macho yake yalikuwa mekundu, na feni zilikuwa zinashuka polepole, zinapumua kwa uchovu. Sikuwahi kuuliza. Niliogopa jibu.

Ikafika Jumamosi moja mama mdogo alikuwa na harusi ya kupiga video kule Hedaru. Aliacha kompyuta inafanya kazi ya kutoa video ya kipaimara iliyokuwa inasubiriwa, akanikabidhi kwa Bi Zubeda, mwenye duka la khanga la mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa aliyekuwa ananiita mkwe. Nilitakiwa nikae dukani kwake. Lakini kila wateja walipomzonga nilirudi studio kuangalia.

Joto la siku ile sitalisahau. Hata nzi walikuwa wamekaa kimya ukutani. Nilikuwa kwenye stuli, magoti yangu yanakaribia kugusa meza, niliposikia ile sauti ya pampu ikibadilika. Ule mlio mwembamba ulianza kukwaruza. Kroo, kroo, kama mtu anayesukutua maji kooni. Ndani ya mipira kukatokea vipande vyeupe katikati ya wekundu, vipande vya hewa. Kigurudumu kikazunguka, kikasita, kikazunguka nusu, kikasimama.

Chekundu kikasimama ndani ya mipira.

Feni zikapaa zenyewe. Hakuna aliyezigusa. Zilipaa kuliko siku zote, na sanduku likaanza kulia pii, pii, pii, na mstari wa bluu kwenye skrini ukaanguka chini kabisa. Nilishika ule mpira kwa mikono yote miwili nikawa naubinya, nasukuma, kama tunavyokamua ng'ombe, nikisema, "Mama, nenda. Mama, nenda." Mpira ulikuwa unazidi kuwa wa moto. Halafu kitu kikafanya tak, na kila kilichokuwa kinavuma kikaanza kuteremka, kikateremka, kikaisha. Skrini ikawa nyeusi. Sikuwa nimewahi kusikia chumba kile kikiwa kimya. Nilisikia bati likilia kwa joto, na mbali kabisa konda wa basi akiita abiria.

Nilitoka mbio bila viatu.

"Bibi Zubeda! Mama amekufa!"

Duka zima likageuka. Bi Zubeda aliachia khanga aliyokuwa anaikunjua, akanishika mabega. "Nani kasema? Simu imepigwa?"

"Amesimama! Nimeona mwenyewe, damu imesimama!" Nilikuwa nalia mpaka maneno yanakatika, na hata yangetoka mazima sidhani kama yangemsaidia. Alichosikia ni mama na amekufa, na hayo mawili yalimtosha, kwa sababu kwa siku nyingi, kumbe, yeye na mama mdogo walikuwa wanaogopa kusikia hayohayo.

"Innalillahi," akasema, akanivuta kifuani kwake. Nilihisi moyo wake ukidunda ndani ya baibui.

Alimpigia mama mdogo. Nilimsikia akisema, "Naetwe mwanangu, acha hiyo kazi urudi. Mtoto anasema amepata habari ya dada." Baada ya hapo mambo yakaenda yenyewe kama maji ya mvua yanavyoteremka korongoni. Mwanamke mmoja alileta mkeka. Mwingine akaleta benchi. Mwalimu wa kwaya wa kanisani kwa mama mdogo alipita, akaambiwa, akavua kofia. Wanawake wakakaa uani wakiwa wamejifunga khanga viunoni, wananiangalia, na kila aliyeniangalia alitikisa kichwa. Mimi nilikuwa najua habari kabla yao wote, lakini kuona watu wazima wanaiamini ndiko kulikonikalisha chini pale mkekani. Mpaka wakati ule sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inangoja mtu aniambie, acha ujinga.

Mama mdogo alijaribu kumpigia baba njia nzima, simu haipatikani. Alifika akiwa ndani ya lori la jasi alilolisimamisha barabarani, amevaa gauni lake la harusini, kamera bado inaning'inia shingoni, nywele na kope zimejaa vumbi jeupe. Alionekana kama mzee. Wanawake wakainuka. Hakumsalimu mtu. Alinijia moja kwa moja, akachuchumaa.

"Baba yako amekupigia?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa nani amekwambia?"

"Pampu."

"Pampu gani?"

Nikamshika mkono nikamwingiza studio. Bi Zubeda akatufuata, na nyuma yake wengine wakajaa mlangoni. Nikamwonyesha mipira, na kigurudumu kilichosimama. "Damu ya mama haizunguki," nikasema. "Nimesukuma, imekataa."

Alinitazama mimi, akatazama sanduku, akanitazama tena. Niliona habari ikimwingia taratibu, na midomo yake ikaanza kutetemeka, sijui kwa kicheko au kwa kilio. Kabla haijaamua, simu ikaita mkononi mwake. Ilikuwa namba ya baba.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kile kidude. Akakizungusha hadi mwisho, akarudisha, akazungusha tena. Hakuna kilichovuma. Mashine ilikuwa imezimika na chumba kilikuwa kimya na watu wote wapo, na simu inaita. Aliangalia mlango wa nyuma, nao umejaa watu. Ndipo nilipoelewa, bila kuambiwa, kwamba zile feni hazikuwahi kumpumulia mama. Zilikuwa kwa ajili ya masikio yangu.

Akabonyeza kipaza sauti. Akaiweka simu mezani, kando ya sanduku.

"Shemeji?"

"Naetwe, mbona umenipigia mara zote hizo?" Sauti ya baba ilikuwa imechoka, ina mwangwi wa korido. "Nilikuwa wodini, tunaambiwa tuzime simu. Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mtoto mzima. Dada je?"

"Dada yako..." Baba akavuta pumzi, na sote mle chumbani tukaacha kuvuta zetu. "Dada yako leo amepata mkojo."

"Amepata nini?"

"Mkojo! Amekojoa, Naetwe! Tangu tufike hapa, leo ndiyo kwanza. Daktari anasema figo zinaamka. Amekunywa uji, anaulizia mtoto."

Sijawahi tena katika maisha yangu kusikia watu wakishangilia mkojo kiasi kile. Bi Zubeda ndiye aliyeanza, akapiga kigelegele kilichofika stendi, wengine wakadakia. Wanawake waliokuja kulia walikuwa wanakumbatiana na kupigana migongo wakisema, amekojoa, amekojoa, na mwalimu wa kwaya, aliyekuwa nje, akaanza kuuliza nani amekojoa na wapi. Baba kule alikuwa anasema, "Haloo? Haloo? Kelele za nini hizo?" Mama mdogo alikuwa amekaa sakafuni na gauni lake zuri, analia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza alilia mbele yangu.

Watu walipoondoka, jua likiwa linaelekea kushuka, alibeba lile sanduku hadi uani. Akanieleza taratibu. Yale yalikuwa maji yaliyotiwa rangi na dawa ya rejeta ya gari. Aliyemuuzia ndiye aliyependa nyekundu. Kwa joto la siku zile maji yalikuwa yamepungua kwenye kitangi, pampu ikavuta hewa, ikashindwa kusukuma, na mashine ikajizima yenyewe isije ikaungua. Akaniruhusu nichovye kidole. Hapo ndipo nilipoinusa ile harufu kwa karibu, tamu, na nikaogopa hata kukifuta kidole. Kisha akachomoa mpira mmoja akaimwaga ile nyekundu yote chini, ikaingia kwenye vumbi na kuacha doa jeusi. Kuku wa Bi Zubeda akaja mbio kuchungulia. "Shii! Sumu hiyo!" mama mdogo akamfukuza kwa kandambili, akalifukia lile doa kwa mchanga. Mle ndani akajaza maji ya betri, yale yasiyo na asidi, meupe kabisa, ambayo ukiyatazama huoni kama yapo. Hakutia rangi tena.

"Baba yako akipiga," akaniambia akiwa amenipa mgongo, anakaza kifuniko, "tutasikiliza wote. Hata kama ni mabaya. Sawa?"

"Sawa."

Na kweli tulisikiliza wote. Si kila siku ilikuwa ya vigelegele. Kuna siku homa ilirudi, na nililala na hofu hiyo tumboni nikijua jina lake. Ilikuwa hofu kubwa, ila haikuwa na mapovu wala mipira, na kulikuwa na mtu kitandani kwangu anayeogopa kitu kilekile. Yule bi harusi wa Hedaru, kwa upande wake, hana picha ya kukata keki mpaka leo. Alipoelezwa sababu alisema keki wameshaila, ndugu wa mtu ni ndugu wa mtu.

Mama alirudi mvua zikiwa zimeshaanza. Alishuka kwenye basi pale stendi akiwa amekonda mpaka sikumjua mara moja, na shingoni ana bandeji ndogo, pale mpira wa mashine ulipokuwa umeingia. Nilikuwa nimepanga kumkimbilia. Sikuweza. Nilisimama nyuma ya mama mdogo nikiogopa kwamba nikimgusa kwa nguvu, kitu kitachomoka. Ni yeye aliyekuja akaniinamia, akachukua mkono wangu akauweka shavuni kwake, na akangoja.

Kesho yake tukapanda gari la kwenda nyumbani. Barabara ile ya mlimani mnaijua, kona juu ya kona, na kila kona hewa inazidi kupoa. Mama alilala kabla hatujafika mbali, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo. Sikuangalia milima wala korongo. Nilikuwa naangalia kifua chake tu. Kilipanda, kikashuka, na kila kiliposhuka nilingoja kwa hofu kipande tena. Ukungu ukatupokea, kioo kikawa cheupe, kifua kikapanda.

"Unaangalia nini?" akauliza bila kufumbua macho.

"Siangalii kitu."

Kisha akanivuta, akakilaza kichwa changu kwenye paja lake, na kunifunika sikio kwa kiganja.

"Nipo," akasema. "Na wewe lala."